Penye Pampu ya Upepo

Karatasi ya mahakama haikui.
Tangu muhuri uikanyage pale Milimani
imebaki vilevile, imekunjika pembe mbili tu,
na ndani yake Mkawasi bado ana miaka minne,
analala saa mbili, anaogopa paka wa jirani,
na baba yake, yaani mimi, ana kazi.

Kumbe mtoto anavaa kiatu namba tano.
Anafika begani kwa mama yake.
Usiku anasoma chini ya blanketi hadi saa tano,
na paka wa jirani alishakufa.
Kampuni ya lifti nayo ilitugawia barua Novemba,
mafundi kumi na wawili, kila mmoja na bahasha yake.
Miaka tisa nimekagua kamba za maghorofa ya watu,
yangu ikakatika nikiwa nakunywa chai.

Sasa natengeneza friji Kariobangi,
na kuna siku haiji hata moja.
Lakini kila tarehe tano amri huamka kabla yangu:
elfu kumi na nane,
haiulizi nimeshindaje.
Miezi mitatu nilituma kumi. Wa nne nikatuma sita,
nikazima simu.
Hilo sikuliweka kwenye kiapo changu.
Wakili wa Wakio aliliweka kwenye chake.

Kaka yangu akasema, "Mwanamume haombi kupunguziwa mtoto."
Nikamwambia naomba kupunguziwa hesabu, mtoto ni yuleyule.
"Hayo," akasema, "ni maneno ya karani."

Wakio naye alikuwa na ombi lake.
Amehamia Syokimau, zamu za hospitali zimehamia wikendi,
na Jumamosi tuliyopewa, saa nne hadi saa kumi,
imekuwa sahani ya mtu aliyesafiri:
inaandaliwa, inafunikwa, inaondolewa.

Miaka saba tumepokezana mtoto
kwenye kituo cha petroli, barabara ya Ngong,
penye pampu ya upepo,
kwa kuwa pale pana taa na hapana majirani.
Mkoba mkononi mwangu, mkoba mkononi mwake.
Tulisalimiana kama watu wanaodaiana,
kisha kila mtu akatazama saa.

Hakimu alimtaka mtoto peke yake.
Tukaachwa kwenye benchi la ushoroba,
mimi huku, Wakio kule,
mkoba wa shule katikati, unanuka.
Tukaufungua pamoja. Ndizi,
nyeusi, imelowesha daftari la hesabu.
Wakio ndiye aliyeanza kucheka.
"Tabia hii si ya kwetu," akasema.
"Kwetu pia haipo," nikasema.
Tukanyamaza, kila mtu na ukoo wake,
tukipangusa kurasa kwa kitambaa kimoja.

Karani alisoma kama anayewahi nguo kwenye kamba mvua ikija:
matunzo elfu tisa, viatu na sare juu ya baba;
Jumatano baada ya shule hadi Alhamisi asubuhi;
wikendi ya mwisho wa mwezi; likizo nusu kwa nusu.
Halafu kifungu ambacho hakuna wakili aliyekiomba:
makabidhiano yafanyike mlangoni pa nyumba,
si penginepo.

Sikushinda. Wakio hakushinda.
Elfu tisa bado ni friji nyingi,
na yeye bado atakopa kwa dada yake, najua,
maana zamani nilikuwa naambiwa.

Kwenye ngazi nikamuuliza Mkawasi alisema nini mle ndani.
Akafunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga.
"Nilimwambia mimi si tairi."

Jumatano ya kwanza nilipanda hadi ghorofa ya nne kwa miguu.
Lifti yao imekufa tangu Krismasi,
nilisikia kwa mlio wake ni kitu kidogo.
Nikasimama na boksi la viatu kwapani
mbele ya mlango nisiojua
unafunguka kwa ndani au kwa nje,
nisijue nisogee wapi.