Vijiti vya Kilindini

Kalamu yangu risasi
haikuua nafsi,
iliandika kwa kasi
waliopanda melini.

Shimanzi, mbele ya geti,
kasha la chai ni kiti,
nikisikia mabuti
yakitokea relini.

Wakamba na Wanyamwezi,
na wa Nyasa, wachokozi,
kila mtu na hirizi
chini ya shati, kwapani.

Wapi waenda? Ni siri.
Giza lafunga bandari,
na anayewasha biri
achapwa kofi shavuni.

Ila Bi Mwanamkuu,
mahamri bei juu,
kajua usiku huu
waingia baharini.

Vijiti vine; cha tano
chavikata kwa mshono:
watu wa nyama na meno
wakawa fungu la kuni.

Wa mia nane na moja
ni Muthiani, kangoja,
akaliona daraja
likimvuta tumboni.

Akapanda. Nikachora.
Makuli, mara kwa mara,
washuka, jasho lang'ara,
na magunia vichwani.

Mmoja ana gunia,
kama kuli apitia,
shati ameliachia,
ila buti miguuni!

Tukaonana. Ya Mungu!
Sajini yu nyuma yangu,
raba mkononi mwangu
ikayeyuka jashoni.

Sikukifuta kijiti,
nikakirudisha kiti;
meli ikapita kati
ya Serani na Likoni.

Siku ya saba, habari:
kombora toka bahari.
Redio haikukiri,
tulipata mitaani.

Likaitwa langu buku;
wapiga chapa, usiku:
kijiti, cheti na siku
vikapangwa bahashani.

Kule Kitui, mamake
akapokea cha kwake,
akanyoa nywele zake,
akalala sakafuni.

Miaka kumi. Makupa.
Mkaa mtu kanipa.
"Yako haipiti hapa,"
akanong'ona pembeni.

Mabuti yana viraka,
jina jingine kaweka,
mamake keshatoweka:
alimlilia nani?

Na wale mia nane, je?
Magunia wapateje?
Kalamu iwafuteje
waliolala kinani?

Naitunza ile raba,
ngumu, haifuti haba.
Vijiti vyote msiba,
kimoja ki mkaani.