Juzuu ya Makoroboi

Matoleo saba, la nne halipo.
Nimeyapanga juu ya meza ya bati
kati ya mkasi na gundi ya ngano,
na nje mafundi wanagonga makopo
kama watu wanaotafuta neno kwa nyundo.

Kaka yangu Luhende aliyachora kwa wino wa buluu
akiwa Bwiru sekondari, nyuma ya madaftari ya Fizikia.
Kabula, binti wa Warongo, mfua chuma,
anachota mchanga mweusi, anaukalisha motoni
siku tatu, mpaka unakiri kuwa ni upanga.
(Alimpa msuli wa bega usiokuwepo duniani.
Nilimwambia. Akamwongezea wa pili.)

Kisha, ukifungua toleo la tano,
upanga uleule umo mikononi mwa Mugeta,
mtia kuni katika meli ya moshi.
Nahodha anapuliza filimbi, Mugeta hasikii,
anasikiliza chuma kinachonong'ona chini ya makaa.

Na la saba: ziwa limekauka.
Ng'walu, msichana wa mwaka usio na namba,
anatoka Kamanga kuja Mwanza kwa miguu
juu ya matope yaliyopasuka,
anapita mifupa ya sangara mirefu kama boriti.

Adui ni mmoja zama zote:
mchawi asiye na uso, amepanda fisi,
taa ya samli inawaka kichwani mwa mnyama.
Hafi. Hubadilisha tandiko tu.
Enzi za Kabula alikalia ngozi,
enzi za Mugeta, gunia la pamba,
na kwa Ng'walu, kiti cha plastiki kilichokatwa miguu.

Kwenye bapa la upanga, herufi ndogo kama chawa:

*Nimezaliwa motoni, sina baba sina mama,*
*Nikishikwa mkononi, vita vyote husimama,*
*Nikitupwa ufukweni, nangojea mwenye hima,*
*Nipokee kwa jirani, usiulize la jana.*

Lakini nani alimpokeza nani?
Hilo lilikuwa toleo la nne.
Nikamfuata Kirumba, mwaloni,
anakopaka majina ya mitumbwi siku hizi.
"Nichoree tena," nikasema.
Akachovya brashi, akanyoosha mkia wa R.
"Mkono ule ulikuwa na miaka kumi na sita.
Huu una watoto."

Nikauliza wauza dagaa. Nikauliza wauza karanga.
Mama Holo, anayekumbuka deni la kila mtu,
akapekua chini ya mizani: ukurasa mmoja,
mafuta yameula katikati.
Kiganja kinatoka majini.
Kiganja kingine, chenye masizi, kinashuka.
Kati yao, doa. Ukiuinua ukurasa kwenye mwanga
unaiona Mwanza nzima kupitia humo:
mawe, mapaa, kamba ya nguo za mtu.

Nimeuacha hivyohivyo.
Nimeshona kwa uzi wa wavu,
jalada ni debe la mafuta ya pamba.
Fundi Bugumba wa kibanda cha pili
alilipiga hadi likanyooka, akakataa hela,
akaomba asome kwanza.
Alisoma amesimama, nyundo kwapani.
"Kwa hiyo hawa watatu ni ndugu?"
Nikasema sijui. Wamerithiana tu.

Saa moja usiku umeme ukakatika,
mtaa mzima ukalaani kwa pamoja.
Nikawasha koroboi, nikafungua ukurasa wa mwisho
kuona kama gundi imeshika.
Ng'walu yupo, upanga juu.
Mchawi yupo, ameketi hewani.
Fisi hayupo.

Nje, nyuma ya lundo la makopo,
taa ndogo ikapita, chini, kimo cha mnyama,
na baada yake harufu ya samli.

Mafundi walikwisha kwenda.
Mezani, Bugumba alikuwa amesahau nyundo.
Nikaishika.
Ilikuwa bado ina joto.