Maili Sita za Kushuka

Kaka yangu Delmar ana lori lenye domo.
Pikapu yangu mimi ni ya watu wa ibada:
nikibonyeza kitufe, taa ya kijani ikiwaka,
kilango kinajifunga kooni mwa ekzosi,
moshi unakosa pa kutokea, unarudi ndani,
na pistoni zinausukuma, kifua kwa kifua.
Kinachosikika ni mluzi tu, mwembamba,
kama wa mtu anayepuliza chai.

La Delmar halizibi kitu. Lafungua.
Pistoni ikishapanda, ikishaikaba hewa,
vali zinaachama ghafla, hewa inatemwa nje,
na nguvu yote iliyokusanywa
hairudi kumsukuma mtu mgongoni.
Silinda sita, kila moja na kofi lake:
ta-ta-ta-ta hadi bondeni, kulungu wanatimka,
madirisha ya kanisa la Kilutheri yanajibu.

Miaka kumi na minne tumebishana,
kwenye kahawa, kwenye uzio, kwenye foleni ya mnada.
Yeye: "Yako ni kikohozi cha mgonjwa.
Trela la farasi nyuma, itakushikia nini?"
Mimi: "Yashika, nikiwahi gia ya chini
injini ikazunguka kwa kasi. Wewe unapenda kelele tu."
Yeye: "Kelele haijawahi kuunguza breki."
Hapo tunanyamaza. Ile harufu tunaijua.

Mteremko, husema watu, ni kazi rahisi.
Hao hawajavuta ng'ombe kumi na wawili
kutoka malisho ya juu kwa pedali peke yake,
kama baba, Septemba ile.
Dizeli ukiinua mguu haikuonei huruma.
Aliingia uani magurudumu yakifuka moshi,
akazima injini, akabaki amekaa.
Vidole vyake tulivibandua kwenye usukani
kimoja kimoja.
Majira ya baridi yalipokwisha, lori lilikuwa na domo.

Leo tunamhamisha mama.
Delmar mbele na kitanda, cherehani, jiko la chuma;
mimi nyuma na farasi wawili wa mwisho,
na Torborg mwenyewe kando yangu,
miaka themanini na tisa, mkoba magotini.
Theluji ya kwanza imelala kivulini mwa misonobari.
Kwenye kona ya barafu nazima yangu:
breki hizi hushika magurudumu ya nyuma tu,
na barafu haipendi kushikwa upande mmoja.
Naliachia trela breki zake za umeme,
kidogo, kidogo tena. Farasi mmoja anapiga teke ubao.
Huko mbele lori limekuwa kimya;
Delmar naye amezima.
Kwa hilo hatujawahi kubishana.

Chini, lami ikawa kavu, domo likarudi kazini,
mpaka kwenye kibao cha mji:
MARUFUKU BREKI ZA KELELE. FAINI DOLA MIA MBILI.
Likakatika katikati ya neno.

"Mbona kimya?" mama akauliza.
"Sheria ya mji, mama."
Akatazama maghala ya ngano yakipita.
"Nilikuwa nikimsikia kona ya tatu," akasema.
"Naweka viazi motoni.
Akishaosha mikono, vimeiva."

Nikachukua redio.
"Delmar. Mama anataka kuisikia."
Redio ikakwaruza, ikatulia.
Nikadhani hajanielewa, au ananikatalia.
Kisha ta-ta-ta-ta-ta,
mbele ya posta, mbele ya benki,
mbele ya kinyozi aliyetoka na mkasi mkononi,
mbele ya naibu sherifu na mkate wake,
mpaka kwenye lango la nyumba ya wazee,
ambako muuguzi alikuwa ameziba masikio.

Mama akafungua mkoba, akapekua ndani
kama anayetafuta kisu cha kumenyea.
Akaufunga.

Faini tuligawana nusu kwa nusu.
Na bado nasema yangu ni bora.