Majaketi Thelathini na Sita

Waliniletea ndani ya magunia ya karafuu,
yangali yananukia,
majaketi thelathini na sita ya kuokolea watu,
rangi ya chungwa iliyochujuka kwa jua
mpaka ikawa rangi ya papai bovu.
"Mkaguzi yuwaja Jumatatu," alisema Nassib wa meli,
"yape sura, fundi. Sura tu."

Mie fundi. Nguo ikiingia kwangu
haitoki na siri yake.
Nilifumua la kwanza, pindo kwa pindo:
kile kilichotakiwa kuelea
kilikuwa unga, kama mkate wa kumimina
uliosahauliwa kabatini tangu Idi.
Panya alishazalia humo.

Nikamwambia. Akaniletea magodoro mawili ya gesti.
"Kata, tia, shona. Bahari imetulia mwezi huu."

Usiku nikalijaza maji beseni la kufulia,
nikalilaza jaketi juu yake
kama mtu amlazavyo mtoto wa siku saba.
Nikahesabu.
Hamsini, bado liko juu.
Tisini, likainamisha shingo.
Mia na ishirini na moja
likakaa chini kabisa, limeshiba,
lanitazama.

Asubuhi nikashona.
Elfu nne kwa moja. Karo ya Time ilikuwa haijalipwa,
na cherehani nayo ilikuwa na deni lake.
Kila kona nikairudia mara tatu,
mshono wangu, wajulikana Mkoani nzima.
Filimbi nikazifunga kwa uzi mpya.
Zilikuwa zinalia vizuri, filimbi.

Moto ulishika usiku wa Alkhamisi, saa saba,
*Kheri Yetu* imeshaipa Pemba kisogo
na taa ya Nungwi haijaonekana.
Dada yangu alikuwemo,
aenda Mnazi Mmoja kutolewa mtoto wa jicho,
na bintiye Chumu kumshika mkono.

Kwanza harufu, alinihadithia Chumu,
kama pasi iliyosahauliwa juu ya tetroni.
Kisha moshi ukapanda ngazi za injini
taratibu, kama mwenye tiketi.
Mpira wa maji ulikuwepo;
haukuwa na mdomo.
Kabati la majaketi lilikuwa na kufuli,
ufunguo u mfukoni mwa mtu aliyebaki Mkoani.
Dereva wa lori la ndizi akalivunja kwa jeki.
"Watu waligombania, mjomba.
Kuna mtu mzima na ndevu zake
nilimwona anamvua mkewe."

Mabaharia walikuwa wakishuka na mablanketi mabichi,
wakipanda bila nyusi.
Chumu akamvika mamaake, akafunga kamba tatu.
Wakasimama ukingoni,
mguu mmoja wa dada yangu
umeshavuka chuma.

Ulizimika. Hakuna aliyeguswa na maji.
Redio ilisema: hitilafu ndogo,
abiria wote salama.
Na mie nikasema alhamdulillahi
kwa sauti iliyopita kiasi.

Dada amerudi juzi, jicho moja jipya,
na jaketi kwapani, hakuna aliyemdai.
Akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia.
"Sikuwa naona kitu," akasema, "moshi na ukungu wangu mwenyewe.
Lakini nilipapasa kona
nikakuta nyuzi zimerudiwa mara tatu.
Nikajua ni mkono wako.
Ndiyo maana sikuogopa.
Chumu alikuwa analia, mie nikamwambia:
turuke, mwanangu, hili kashona mjomba wako."

Akaomba chai. Nikaipika.
Sukari nilitia mara mbili, au sikutia,
hakusema.

Leo nimebeba beseni kichwani mpaka bandarini.
Wanangu wa gati wamecheka: fundi kawa dobi!
Nimelijaza maji mbele ya dirisha la tiketi.
Thelathini na tano zimo melini, na meli inapakia.
Moja ninalo hapa.

Nassib, toka ofisini.
Nanyi mlioshika tiketi, sogeeni,
mwenye mtoto amnyanyue aone.
Naliweka sasa.
Hesabuni kwa sauti.