Pambizoni

Kitabu hiki kilitoka kabatini mwa Baba
pamoja na kofia tatu, risiti za stima,
na saa isiyokwenda tangu mvua za Elinino.
Mama alisema, Mwanakheri, chukua wewe,
wewe ndiye unayeyajua hayo mambo ya Kizungu.

Kina mhuri wa maktaba iliyofungwa zamani,
jalada limetafunwa na mende,
na ukikifungua kinanuka karafuu kuukuu,
maana Baba alizitia katikati ya kurasa
kufukuza wadudu.
Wadudu hawakufukuzika.

Miaka thelathini aliwasomesha mashairi haya
vijana wa Majengo na Tononoka,
madirisha wazi, jasho likidondokea madaftari.
Baridi gani hii, Mwalimu, inayoua maua?
Akawatuma kwa muuza barafu pale Makupa
washike donge mpaka vidole viwaume.
Sasa someni, akasema.
Na yule ndege wa usiku asiyejulikana huku?
Mwekeni kunguru, alijibu, si tunao tele?
Mwenye huzuni hachagui ndege.

Jirani yetu Maalim Khatwabu hakupendezwa.
Vitabu vya watu wasiosali, alimwambia
mbele ya watu, viatu bado mkononi.
Baba akasema: Wanasali, Maalim. Tena wanagomba.
Mwenye kugomba na Mola
kwanza ameshaamini kuwa yuko.

Nilikuwa na miaka tisa siku Feruzi aliporudi
kutoka hospitali ya Makadara
ndani ya leso ya Mama.
Homa ya siku tatu. Miaka sita.
Wanaume walijaa barazani, na kila mkono
ulimpa Baba neno lile lile: subira, subira.
Akazipokea zote. Jicho halikutoa hata tone.
Jumatatu alirudi darasani, akaita majina.

Nilimchukia kwa macho yale makavu.
Nasema wazi, maana hayupo na mimi ni mtu mzima:
nilimchukia mpaka Alhamisi iliyopita.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Mzungu mmoja, mchungaji wa kanisa la shamba,
anamlilia binti yake aliyezikwa chini ya theluji.
Anamdai Mungu hesabu.
Anamwuliza, ulikuwa na haraka gani?
Na ubeti wa mwisho anapiga magoti
akiwa bado amekasirika.

Pambizoni, kwa penseli, kwa zile herufi za chuoni
ambazo Baba aliziandikia madeni ya dukani
na mambo asiyotaka tuyasome,
kulia kwenda kushoto, hafifu kama mshono:

    Wako yuko thelujini, mchangani yuko wangu,
    Ulinena hadharani, nilimeza mie changu,
    Twakutana kitabuni, ewe mgeni mwenzangu,
    Lugha zote zake Mungu,

Basi. Kipande cha mwisho hakipo.
Nilidhani ni mende, nikakisogeza dirishani;
karatasi ni nzima.
Kuna nukta tu za penseli, nane,
kila mizani na nukta yake,
mahali alipohesabu na neno lisije,
au lilikuja, na nyumba imejaa watu.

Kwa hiyo alilia. Alilia kwa vina,
chumba cha pili, ukuta mmoja kutoka kitanda changu,
na aliyemshika bega
ni mtu wa mbali, wa dini nyingine,
aliyekufa kabla babu yake hajazaliwa.

Mama ananiita, mbaazi zinapoa.
Nachukua penseli. Naiweka.
Mimi ninayesahihisha insha za watoto wa watu
sina mizani minane ya kumpa baba yangu.

Napitisha kidole juu ya nukta,
polepole, moja, ya pili,
mpaka ya nane,
kisha narudi mwanzo,
kulia kwenda kushoto.