Herufi O

Swali lenyewe fupi, mistari sita:
ni mtoto yupi hajarudi kwa chanjo ya pili ya surua?
Ukilisoma kwa sauti pumzi moja inatosha.
Seva yetu ililijibu kwa saa tisa.

Ilikaa chini ya ngazi, kando ya stoo ya magongo,
ikisoma jedwali mstari kwa mstari, milioni nne na ushei,
kama karani mmoja mwenye kidole kilicholowa mate
anayefunua daftari jalada hadi jalada
huku makarani saba
(niliwahesabu, viini saba vya ile prosesa)
wakipunga hewa kwenye benchi.

Pikipiki za chanjo huondoka saa kumi na mbili alfajiri:
Nyalenda, Nyamasaria, Obunga.
Orodha ikatoka saa mbili na robo.
Sista Plista aliishika, ingali na joto la printa,
akasema bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma:
"Mmbone, hii ni ya kufungia maandazi."

Wandabwa wa uhasibu akanikumbusha
kidole kimoja hakivunji chawa.
Basi nikalikata swali vipande vinane,
kila kibarua na herufi zake,
wa kwanza A hadi C, wa pili D hadi G,
hivyo hivyo mpaka wa nane, T hadi Z.
Nikabonyeza. Nikateleka chai.

Wa pili alimaliza maji hayajachemka.
Wa nane akafuata, kisha wa tatu, mikono mifukoni.
Wa sita, mwenye N hadi P,
saa nne baadaye alikuwa bado anahema,
na sote, mimi na wale saba, tukimngoja yeye.

Nikacheka peke yangu chini ya ngazi,
mtu wa Vihiga, miaka kumi na mmoja Kisumu:
Ochieng, Odhiambo, Oduor, Ogola, Okoth,
Omollo, Onyango, Opiyo, Otieno, Owuor!
Mji mzima nimemtwika mtu mmoja.
Na yule wa A, chini ya kina Achieng na Atieno,
mgongo umepinda upinde.
Hapa jina ni saa uliyozaliwa,
ni mvua iliyokuwa ikinyesha,
ni njia ambako mama alishikwa na uchungu.
Alfabeti haikuzaliwa kando ya ziwa hili.

Usiku uliofuata sikuuliza jina.
Nilichukua namba ya kadi ya kliniki,
isiyojua ukoo wala mvua,
nikaigawa kwa nane, baki likawa zamu.
Mizigo ikalingana, lakini diski ni moja
na mlango wake mmoja:
wanane wakasongamana, kila mmoja na kiwiko chake.
Wahenga hawakusema lolote
kuhusu vidole vinane na chawa mmoja.
Nikawarudisha watatu kwenye benchi.
Nikagawa upya, kwa tano.

Saa mbili na dakika kumi.
Si muujiza. Ni usiku uliobaki na usingizi ndani yake.

Ila sikulala. Nilikaa na ile orodha,
na mwishoni kabisa nikawakuta
watoto thelathini na mmoja wasio na jina,
nafasi tupu, tarehe, kijiji, namba ya kadi,
walioandikishwa kabla nyumbani hawajakubaliana.
Kwa herufi, hakuna kibarua niliyempa hao.
Wangepotea kwa kasi,
nami ningejipongeza.

Sista Plista aliipokea saa kumi na moja na nusu.
Hakusema asante, alikuwa akitafuta barafu.
Akaishusha kalamu hadi chini, akasimama kwenye pengo,
akaandika kwa mkono: *Obunga, nyuma ya kinu, uliza.*

Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikawaka.