Njia Isiyo na Picha

Ijumaa usiku, Masindi, umeme umekatika.
Nimetandaza karatasi mezani, taa ya chemli pembeni,
kama mtahiniwa aliyechelewa kusoma.
Likizo ni siku moja. Budongo ni kubwa.
Lazima nichague.

Njia ya kwanza: mwendo wa saa sita, kilima hadi kileleni,
na ukifika, wanasema, utaliona ziwa limelala bondeni
kama sahani iliyosahauliwa nje.
Njia ya pili: mwendo wa saa tatu, kijito, vipepeo,
daraja la magogo, na sokwe, wao wenyewe wakipenda.
Njia ya tatu: saa moja na nusu, tambarare.
Basi.
Kwenye ubao wa langoni haina hata picha;
nadhani rangi ilimwishia mchoraji.

"Hiyo," akasema baba,
kidole juu ya ya tatu, kikombe cha uji mkono wa pili.
Nikamwambia: Baba, tulipe nauli na kiingilio
tukatazame miti tu?
Akapuliza uji wake.

Asubuhi malori ya miwa yametutangulia,
yakidondosha bua hapa, bua pale, watoto wakiyawahi.
Langoni, Kabatalya, muongozaji, buti zimemzidi miguu,
akamuuliza baba empaako yake.
"Apuuli."
Tangu hapo wakaenda mbele wawili hao,
mimi nyuma kama mzigo waliokuja nao.
"Apuuli, njia hii haina mengi," akasema, kama anayeomba radhi.
"Nayajua machache yake."

Miti hakuitaja kwa majina, aliitaja kwa mbao.
Huu, mbao arobaini, inchi sita kwa mbili.
Huu moyo wake umeoza, gome lisikudanganye.
Muhimbi ule utakula meno ya msumeno
hadi umlilie aliyekuzaa.
Nilikuwa sijui kwamba msitu una hesabu.
Nilikuwa sijui kwamba Kiswahili chake,
kile cha hasira na cha kuhesabia pesa,
alikiokota humu, ndani ya shimo,
yeye chini anameza unga wa mbao,
Ofoyrwoth juu, miguu imetanuka kwenye gogo:
Vuta! Nipe! Vuta! Nipe!
Lugha nzima ya maneno mawili,
na ililisha watu tisa.

Kisha akasimama.
Mkangazi. Mizizi yake imetoka ardhini kama kuta za nyumba
ambayo mwenyewe hajaezeka.
Kiunoni mwake kovu, midomo yake imefumba,
nene, laini, limeshafanya kuvu.
"Shoka langu," akasema.
Siku ile Ofoyrwoth alishikwa na homa,
akambeba mgongoni mpaka barabarani,
na mti akauambia: nitarudi Jumatatu.
Ofoyrwoth hakupona. Msumeno walirithi wengine.

"Leo Jumamosi, baba."
"Basi nimewahi."

Kabatalya akacheka, kisha akaacha.
Nikapiga picha: gome, na nusu ya kofia.
Mti haukuenea.

"Muda upo bado," Kabatalya akaniambia,
"kijito kiko dakika arobaini tu kutoka hapa."
Baba alishavua kiatu, ameketi kwenye pembe ya mizizi.
"Nendeni. Mimi nimeshatembea."

Nilikwenda. Vipepeo walikuwepo, kama ilivyoandikwa,
njano, na buluu moja iliyonitua kwenye saa ya mkononi.
Maji baridi. Daraja zuri.
Sokwe hawakupenda.

Niliporudi alikuwa amelala, kofia usoni,
na siafu mstari mzima wameukata kona mguu wake,
Mungu anajua kwa nini.
Sikumwamsha.
Nikakaa upande wa kovu,
nikainua macho pale shina linapoanza kupotea,
nikahesabu mbao.
Nilifika sabini na kitu, hondohondo akapita juu na kelele zake,
nikapotewa,
nikaanza upya.